Ngoma ya vidole: sikio kwanza, fedha baadaye

NGOMA ikilia sana haikawii kupasuka, walinena wahenga. Methali hiyo ndiyo niliyoitia mfukoni siku nilipopanda basi Mombasa kuelekea Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, baada ya dada yangu kunipigia simu usiku sauti ikimtetemeka. "Kaka," aliniambia, "njoo uzungumze na mwanao. Fungu lake lote la mirathi anataka kununulia kidude cha kupigia ngoma kwa vidole. Mimi hanisikii tena."

Mpwa wangu huyo ana umri wa miaka 23. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa Pwani kama sisi, aliyezoea kubeba shehena kutoka bandarini Kilindini na kuipeleka Kampala, hata mwisho akaona afadhali ahamie Malaba na jamaa yake kuliko kuishi barabarani. Alipofariki, lori lake kukuu liliuzwa, madeni yakalipwa, na kila mrithi akapewa haki yake. Fungu la kijana lilikuwa shilingi 120,000. Fedha hizo si nyingi, lakini katika nyumba ya mjane zina uzito wake, maana zikitoka hakuna lori jingine la kuuzwa.

Msomaji mpenzi, nakuungamia mapema kwamba nilikwenda nikiwa nimekwisha kata shauri. Nilikusudia kumwambia kijana neno moja tu, nalo ni "hapana". Yaliyonikuta huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Malaba

Ajuaye Malaba anajua kwamba mji ule huusikia kabla ya kuuona. Malori yamejipanga kando ya barabara, injini zinanguruma, breki zinapumua, matingo wanaitana kwa Kiswahili, Kiteso, Kiluhya na Kiganda. Reli nayo ipo, ile ya zamani iliyofika Kampala mwaka 1931. Chini kuna mto uitwao Malaba, ndio mpaka wenyewe. Huku Kenya, kule Uganda.

Kijana alinipokea kituoni. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akanibebea mkoba wangu, akaninunulia chai, adabu zake zote zipo. Mchana hufanya kazi ya ukarani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Usiku ndio hufunga mlango wa chumba chake na kutengeneza midundo, yaani ile ngoma ya chini ambayo juu yake waimbaji wa hip-hop humwaga maneno yao.

Nilipoingia chumbani humo nilitarajia kukuta fujo. Nilikuta kitanda, meza, kompyuta kuukuu ya kukunja, spika moja iliyopasuka ngozi, na ukutani karatasi aliyoandika kwa mkono wake bei za mashini mbalimbali. Juu kabisa ya orodha, chini ya mistari miwili ya wino mwekundu, palikuwa na jina la MPC One ya kampuni ya Akai. Hiyo ndiyo iliyomnyima mamake usingizi.

Asili ya kidude

Kwanza nilimtaka anieleze kitu chenyewe ni nini, kwani si vyema kuhukumu usichokijua. Naye akanieleza, na mengine nikayatafuta mwenyewe baadaye.

Muziki huu wa hip-hop huhesabiwa kuwa ulizaliwa tarehe 11 Agosti 1973, mtaani Bronx katika jiji la New York, katika karamu aliyopiga santuri kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, ambaye dunia inamjua kwa jina la Kool Herc. Yeye alikuwa na mashini mbili za santuri. Aliona kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, basi akawa anakirudia kipande hicho tena na tena kwa santuri mbili zilizo sawa. Hakuwa na bendi wala fedha ya kuikodi.

Mashini zilikuja baadaye. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashini ya kwanza ya ngoma iliyotumia sauti zilizonaswa kutoka ngoma za kweli. Mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808, ambayo sauti zake hazikufanana sana na ngoma halisi. Wanamuziki wengi waliidharau, na kufikia 1983 ilikuwa imeachwa kutengenezwa. Zikauzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya mitumba, na vijana wasio na kitu wakaziokota. Leo mvumo ule wa 808 umo katika nyimbo za dunia nzima.

Mwaka 1987 ikaja SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyoweza kunasa sauti ya sekunde 10 tu. Mafundi wa New York waligundua ujanja: walipiga santuri kwa kasi kupita kiasi wakati wa kunasa, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashini, ili sekunde 10 zibebe mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 1988 Roger Linn akishirikiana na Akai akatoa MPC60, sanduku lenye vibao 16 vya mpira vya kugonga kwa vidole, vimepangwa vinne kwa vinne. Bei yake ilikaribia dola 5,000. Mwenzake wa baadaye, MPC3000, aliyokuwa akiitumia marehemu J Dilla wa Detroit, leo umewekwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Huku kwetu nako mambo hayakulala. Tanzania, Saleh Jabir alighani kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye P-Funk Majani akawa bingwa wa kutengeneza midundo Dar es Salaam. Kenya, Kalamashaka walitoka Dandora wakaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba uchungu wa mtaa. Uganda, Bataka Squad wakaghani kwa Kiganda. Malaba iko katikati ya hao wote, na redio za pande zote mbili za mto zinasikika humo.

Mizani

Basi hapo ndipo kijana aliponishika pabaya, au niseme pazuri. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha programu iitwayo FL Studio, iliyotungwa Ubelgiji na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1997. Kioo kilijaa safu za visanduku. Nikavihesabu. Kila safu ilikuwa na visanduku 16.

"Mjomba, mbona unacheka?" akaniuliza.

Nilicheka kwa sababu mimi nimelelewa katika 16. Nilipokuwa mdogo nilisoma chuoni kwa maalimu wetu. Usiku wa Maulidi tulikaa safu mbili tukipiga matari, na kibao cha maalimu kilimshukia yeyote aliyetangulia au kuchelewa. Nilipokua nikaanza kutunga mashairi, nikafundishwa kwamba mshororo una mizani 16, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili, kina cha kati kikikaa katika ya nane na kina cha mwisho katika ya kumi na sita. Leo mtoto huyu wa mpakani ananionyesha mshororo uliochorwa visanduku!

Nikamtungia ubeti pale pale:

Mpwa wangu shika ngoma, uipige kwa mizani,
Usikimbie kusoma, ukapotea njiani,
Mali haba ukichoma, hairudi mfukoni,
Sikio ndilo mashini, chombo ni kibao tupu.

Akaweka ngoma nzito katika kisanduku cha kwanza, na ngoma kavu katika cha tano na cha kumi na tatu, kwani ndivyo desturi yao. Akaniambia nighani, silabi moja kwa kisanduku kimoja. Nikajaribu. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, mshororo mzima unapita kwa muda usiofika sekunde tatu, na ulimi wangu wa miaka hamsini na kitu ukajikwaa. Kijana hakunicheka. "Tugawe, mjomba," alisema. "Kila silabi ichukue visanduku viwili." Basi kipande kimoja cha mshororo kikajaza safu nzima, na kina kikaangukia mwisho wa kila safu kama mlango unaofungwa. Kwa hesabu hiyo ubeti mmoja huchukua safu 8, na beti mbili huchukua safu 16, ambazo ndizo urefu wa kawaida wa ubeti wa hip-hop. Watu ambao hawajawahi kukutana wamefikia hesabu moja.

Akanifundisha na jambo jingine. Mashini ikiachwa ipige sawasawa kabisa, ngoma inakuwa kama askari anayepiga gwaride. Roger Linn aliweka katika mashini zake njia ya kuchelewesha kidogo kila pigo la pili, ili ngoma ichechemee na kupata uhai. Nikamwambia kwamba mpiga tari hodari wa kwetu hufanya hivyo hivyo bila mashini, na ndiyo sababu vijana wawili wakipiga pigo moja, mmoja huchezesha watu na mwingine huwalaza.

Hapo ile "hapana" yangu ilianza kulegea. Lakini sikumwambia.

Vyombo na bei zake

Usiku huo tuliketi tukapitia orodha yake ya ukutani, kitu kimoja kimoja. Nayaandika haya kwa faida ya vijana wengine na wazazi wao, kwa maana niligundua kwamba wengi huanza kwa kutaja jina la chombo kabla ya kujiuliza kazi.

Chombo cha kwanza ni simu uliyo nayo tayari. Kuna programu kama Koala, inayogeuza simu kuwa mashini ya kunasa sauti na kuipanga, nayo inapatikana kwa fedha kidogo mno. Ubaya wake ni kwamba kioo hakijui nguvu ya kidole. Ukigonga kwa upole au kwa hasira, ni mamoja.

Cha pili ni vibao vinavyounganishwa na kompyuta, kama MPK Mini ya Akai, yenye vitufe vidogo 25 vya kinanda na vibao 8 vya kugonga. Kikiwa kipya bei yake huko kwa wenyewe ni kama dola 100. Lakini sikiza vizuri: kitu hiki hakina sauti yake chenyewe. Bila kompyuta ni ubao. Kijana mmoja anaweza kukinunua akakipeleka nyumbani kwa furaha, akakikuta bubu.

Cha tatu ni vidude vidogo vya kujitegemea. Teenage Engineering ya Uswidi hutengeneza PO-33, yenye ukubwa wa kikokotoo, hutumia betri mbili ndogo, ina maiki na spika yake, na hunasa sekunde 40. Hiyo nayo haifiki dola 100. Mwaka 2023 walitoa na EP-133, kubwa zaidi, ya betri nne, kwa dola 299. Roland nao wana ukoo wa SP-404, ulioanza mwaka 2005. Hizo hukubali betri sita za kawaida, na ndiyo sababu hupendwa na watu wa safari.

Cha nne ndicho kile cha wino mwekundu. MPC One ilipotoka mwaka 2020 bei yake ilikuwa dola 699. Kwa kadiri ya shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 90,000 na ushei, kabla ya nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo Kenya ni asilimia 16. Jumlisha, utaona kwamba fungu lote la marehemu lingekwisha, pengine lisitoshe. Tena MPC One haina betri ndani yake. Stima ikikatika, nayo imekatika.

Nilipomaliza kusema maneno hayo, Mwenyezi Mungu shahidi yangu, mvua ilinyesha na stima ikakatika. Kompyuta ya kijana ikazima papo hapo, na kazi aliyokuwa hajaihifadhi ikaenda nayo. Akaketi gizani akanyamaza.

"Hutokea mara ngapi?" nikamwuliza.

"Kila wiki, mjomba. Betri ya kompyuta imekufa tangu mwaka juzi."

Busia

Asubuhi yake alikuwa na miadi Busia, mwendo usiotimia saa moja kwa matatu. Muuzaji mmoja alikuwa na MPC One iliyotumika, iliyoletwa kutoka ng'ambo, akitaka shilingi 85,000 taslimu. Kijana alikuwa na fedha hizo katika mfuko wa ndani wa koti, na mkono wake haukuachana na mfuko huo njia nzima. Nikafuatana naye.

Busia ni mji wenye jina lake. Hapa ndipo ilipoanza boda boda, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, na baiskeli imekuwa pikipiki. Tangu mwaka 2018, marais wa Kenya na Uganda walipokizindua kituo cha pamoja, msafiri hushughulikiwa na nchi zote mbili mahali pamoja.

Njiani kijana aliniambia kwamba kitu kikitoka Kampala hakilipiwi ushuru, kwa sababu sisi ni Jumuiya moja. Hapa wengi hupotoka. Ule utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya, kama mahindi na samaki. Mashini iliyoundwa Asia haiwi ya Uganda kwa kulala Kampala usiku mmoja. Anayenunua kitu kisicho na karatasi za ushuru ananunua pamoja na wasiwasi, na karani wa forodha angepaswa kulijua hilo kuliko mimi. Alinyamaza, nikajua limemwingia.

Muuzaji alikuwa mcheshi. Akaitoa mashini kitambaani kama aonyeshaye dhahabu. Haikuwa na sanduku lake wala waya wake wa umeme. Alikuwa na adapta nyingine "inayoingia vizuri tu". Neno hilo lilinikumbusha aibu yangu mwenyewe.

Katika miaka ya 1990 kikundi chetu cha taarabu kililetewa kinanda cha umeme na jamaa aliyekuwa akifanya kazi Jidda. Wakati ule nyumba za huko zilitumia umeme wa volti 127, na huku kwetu ni 240. Kiliandikwa nyuma, wala hakikuficha. Mimi, kwa pupa ya kutaka kukisikia, nilikichomeka ukutani bila kusoma. Kilitoa mlio mmoja, kikatoa moshi, na hakikunena tena. Tulikuwa tumekichangia watu 11. Hadi leo wapo wasioniita jina langu, huniita "Volti". Basi kumbuka, kijana: Japani ni volti 100, Marekani ni 120, sisi 240. Geuza chombo, soma nyuma yake, na adapta iwe ndiyo yenyewe, kwa volti, kwa nguvu, na kwa ncha yake.

Nikamwomba muuzaji aiwashe. Nikamwambia mpwa wangu, "Gonga vibao vyote 16, kimoja kimoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu." Vibao 13 vilijibu. Viwili havikujibu hata vilipopigwa kwa ngumi, na kimoja kilijibu mara mbili kwa kugongwa mara moja. Nikamtaka azungushe kila kitufe, aingize kadi ya kuhifadhia, achomeke visikizi upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo. Nikauliza risiti. Haikuwapo.

"Nitakupunguzia, mzee," alisema muuzaji. "Sabini."

Kijana alinitazama. Ewe msomaji, macho yale sitayasahau. Alikuwa ameitamani mashini ile kwa miaka miwili, sasa imo mikononi mwake, na fedha anazo, zake kwa haki ya sheria. Sikuwa na uwezo wa kumkataza. Nilimwambia tu, "Fedha ni zako. Lakini unanunua ya baba yako, au unanunua vibao 13?"

Akairudisha mezani. Hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha matatu.

Ya karibu nayo

Tukiwa pale kituoni nilimpa shauri langu. Tatizo lake, nilimwambia, halikuwa mashini. Programu anayo, sikio analo, na kompyuta inafanya kazi. Kinachomrudisha nyuma ni betri iliyokufa na spika iliyopasuka, maana asiyeisikia vyema ngoma ya chini hawezi kuipima. Tuliingia madukani. Tukanunua betri mpya ya kompyuta kwa shilingi 4,500. Tukanunua visikizi vizuri vya kufunika sikio kwa 5,000. Kwa fundi mmoja mwaminifu tukapata MPK Mini iliyotumika, vibao vyake 8 vyote vikijibu, kwa 9,500, na akatuandikia risiti. Jumla shilingi 19,000. Mfukoni mwake zikabaki 101,000.

Sitasema kwamba alifurahi. Alifurahi kama anayetaka samaki nguru akapewa dagaa. Njia ya kurudi Malaba alitazama dirishani.

Lakini usiku ule tulipoketi tena, stima ilikatika kama ilivyo ada yake, na kompyuta haikuzima. Aliendelea kugonga gizani kwa saa nzima, nami nikasikiliza. Akaninasa sauti nikighani ule ubeti wangu, akaukata vipande, akaupanga. Nikamwuliza ngoma zenyewe amezitoa wapi, akasema ni zile zile za kwenye programu, zinazotumiwa na kila mtu kuanzia Oslo hadi Osaka.

Hapo nilimgombeza kidogo. Yeye anaishi katikati ya hazina. Waiteso, wenyeji wa Malaba wa pande zote mbili za mpaka, wana akogo, kile kinanda cha vidole gumba ambacho mlio wake ni kama matone ya mvua juu ya bati. Kakamega si mbali, na huko Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu zinazohesabiwa kuwa mume, mke na mtoto, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Ngoma hizo hazimo katika mashini ya dola 699. Zinapatikana kwa nauli ya matatu, adabu, na ruhusa ya wenyewe.

Ruhusa naisisitiza. Kunasa sauti ya mzee akipiga akogo kisha kuiuza bila kumwambia ni wizi, hata kama uligonga vibao kwa ustadi. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, na nyingine ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Sisi watu wa Pwani tunajua uchungu wa kusikia nyimbo za wazee wetu zikivuma kwa majina ya watu wengine. Muulize mzee jina lake, mlipe kitu, liandike jina lake.

Tamati

Kwa vijana wenye hamu kama ya mpwa wangu, nasaha yangu ni fupi. Anza na simu au kompyuta uliyo nayo, na umalize midundo kumi kabla ya kununua chochote; kumaliza, si kuanza. Kisha jiulize ni kitu gani hasa kilichokuzuia katika ile kumi. Kama ni stima, tafuta betri. Kama ni masikio, tafuta visikizi. Kama ni vidole, tafuta vibao. Na kama baada ya hayo yote umeona kwamba kompyuta yenyewe ndiyo kizuizi, basi hapo mashini kubwa ina haki ya kuzungumzwa.

Kwa wazazi nasema hivi: msiiite kazi hii uhuni kabla ya kuisikiliza. Mimi nilikwenda kukataza, nikakuta mizani za chuoni kwetu zinatumika mpakani kwa jina jingine.

Asubuhi ya kuondoka kwangu kijana alimkabidhi mamake shilingi 60,000 azihifadhi kwa ajili ya masomo yake ya uwakala wa forodha, ambayo alikuwa ameyaahirisha mara mbili. Zilizobaki aliziweka mwenyewe, na sikumwuliza kwa ajili ya nini. Orodha ya ukutani ilikuwa bado ipo, wino mwekundu vile vile.

Dada yangu alinisindikiza hadi kituoni. "Kaka," alisema, "nilikutuma umkataze."

"Nimemkataza nusu," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Na hiyo nusu nyingine?"

Nikampa visikizi ambavyo kijana aliniazima njiani nisikilize, nikamvisha masikioni. Alisimama pale kando ya malori, akisikia sauti ya kaka yake ikighani juu ya ngoma ya mwanawe. Basi langu lilipoita abiria mara ya pili, alikuwa bado hajavivua.